Kila Alhamisi Bi Mwanahalima Huenda Mlandizi Kumtukana Mgonjwa

Saa kumi na moja alfajiri, Mzenga, wilayani Kisarawe. Kuni zinawaka chini ya masufuria matatu makubwa uani kwa jirani ambako leo kuna hitma, na Bi Mwanahalima Kibwana ameketi kwenye kigoda, mwiko mrefu magotini, akiwaamuru wanawake walio rika la wajukuu zake. Punguza moto huku. Tui zito lisubiri kwanza. Wewe, toa mkono kwenye chumvi.

Ana umri wa miaka sabini na sita na amepikia shughuli za watu tangu akiwa mama kijana. Siku hizi hanyanyui tena masufuria, mgongo ulishagoma, lakini hakuna wali unaofunikwa Mzenga kabla yeye hajauonja. Kwenye harusi hulipwa kati ya shilingi elfu arobaini na elfu sitini. Msibani hapokei kitu, na ukijaribu kumpa atakuuliza kama marehemu ndiye aliyekutuma.

Jua linapochungulia, anachota ubwabwa laini wa nazi kutoka sufuria ya kwanza, anaujaza kwenye hotipoti, anaifunga kwa kanga kuukuu na kuitia ndani ya kapu. Kisha anaaga. Wanawake wanamuuliza leo atakwenda kumwambia nini yule mzee. Anajibu kwamba atamwambia kichwa chake kimebaki kama nazi iliyotobolewa na panya. Wanawake wanaangua kicheko. Yeye hacheki.

Anayepelekewa ubwabwa na tusi hilo ni Mzee Laurean Mihayo, fundi baiskeli wa Mlandizi, wilaya ya Kibaha, mwenye umri wa miaka sabini na tisa. Mwanzoni mwa masika kiharusi kilimwangusha mbele ya kibanda chake cha kazi, kikampoozesha upande wa kulia na kumfunga ulimi. Tangu siku hiyo hajasema neno. Madaktari wameieleza familia yake kwamba hali yake inaweza kuwa nafuu akila na akifanya mazoezi aliyopewa. Lakini chakula hali vizuri, na mazoezi hataki kuyasikia. Kutwa nzima amegeukia ukutani.

Bi Mwanahalima anaomba kitu kimoja tu, na anakiomba baada ya kila swala: huyo mtu amjibu.

"Akinijibu, hata kwa tusi moja la kijinga, nitajua anarudi," anasema, akijivuta kwenda barabarani kusubiri gari. "Asiponijibu, najua anakokwenda. Njia hiyo mimi nimeipita nusu. Yeye ndiye aliyenirudisha."

Msomaji aliyekulia kijijini hapa Pwani hahitaji kuelezwa utani ni nini. Aliyekulia kwenye ghorofa za Dar es Salaam pengine anahitaji. Bi Mwanahalima ni Mzaramo, Mzee Laurean ni Mnyamwezi, na baina ya makabila hayo mawili kuna utani wa tangu enzi za misafara ya wapagazi. Mtani ana ruhusa ya kukutukana hadharani, kukuvua kofia, kuingia jikoni kwako na kula nyama bila kukaribishwa, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Msibani ndiko kazi yake hasa. Wengine wanapolia, yeye anachekesha, na kwa kufanya hivyo anawashika wafiwa wasianguke.

Baba yake Laurean alitoka Tabora kufuata kibarua kwenye mashamba ya mkonge, na mtoto akabaki huku, akaoa, akazika mke, akazeeka. Baiskeli ndiyo iliyomkutanisha na nyumba ya Bi Mwanahalima. Mume wake, marehemu Abdulwahab, alikuwa akisafirisha mihogo na mkaa kwa baiskeli kutoka Mzenga hadi Mlandizi, na kila ilipovunjika aliipeleka kwa fundi Laurean. Siku moja alifuatana na mkewe. Fundi akauliza mama huyu ni mtu wa wapi. Alipojibiwa kuwa ni Mzaramo wa Mzenga, akaweka spana chini akatangaza mbele ya wateja kwamba babu zake walitembea kutoka Tabora na mizigo vichwani, wakafika pwani wakawakuta babu zake mama huyu wamelala, na mpaka leo ukoo mzima haujaamka.

Bi Mwanahalima hakukawia. Alimwambia babu yake hakuwa mpagazi wala nini, alipotea njia akitafuta choo, ndiyo maana mjukuu amezaliwa ugenini.

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na iliendelea kwa zaidi ya miaka arobaini. Hapakuwa na harusi wala msiba uliopikiwa na Bi Mwanahalima ambao Laurean alikosa. Alikuja na sahani yake mkononi, akaonja, akatema, akawatangazia wageni kwamba wali ni mbichi na wenye roho nyepesi waondoke. Kisha akala sahani tatu. Abdulwahab alikuwa akicheka mpaka anakohoa.

Abdulwahab alifariki dunia miaka mitatu iliyopita, mwezi wa Shaabani. Msiba ulijaa. Mtoto wao wa kwanza, Badru, anayefanya kazi ya ofisini Kibaha mjini, alikuja na wenzake wa kazini, watu wa mashati meupe na viatu vinavyong'aa. Mwili ulikuwa bado ndani. Laurean akaingia barazani, akachukua kofia ya marehemu kutoka kwenye msumari, akaivaa, akakaa kwenye kiti chake na kupaza sauti: jamani, nimerudi, ubwabwa wangu uko wapi?

Wazee walicheka huku machozi yakiwatoka. Ndani, mjane naye alianza kucheka. Badru hakucheka. Alikuwa ameondoka kijijini akiwa mdogo kwenda kusoma, baba yake amelala chumbani amefunikwa shuka, na mabosi wake wanatazama. Akainuka, akamshika mzee yule mkono, akamwambia atoke, hana adabu.

Baraza zima liliganda. Mtani hafukuzwi. Hakuna aliyewahi kuona jambo hilo Mzenga. Laurean alivua kofia, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya mkeka, akaondoka na baiskeli yake bila neno. Hakurudi.

"Nilikuwa namsikia kutoka ndani," anakumbuka Bi Mwanahalima. "Nilipomsikia ananyamaza, ndipo nilipojua kweli nimefiwa."

Badru leo analieleza jambo hilo mwenyewe, wala halipambi. Anasema alidhani analinda heshima ya baba yake. Baada ya arobaini akafanya jambo la pili, nalo kwa nia njema vilevile: akamchukua mama yake kwenda kuishi naye Kibaha, mtaa wa Picha ya Ndege, ili apumzike.

Na kwa kweli, wangapi kati yetu hatujamwambia mzazi neno hilo? Mama, umefanya kazi sana, sasa pumzika. Tunalisema kwa upendo, na tunadhani tumemaliza.

Alipewa chumba chake chenye feni na choo cha ndani. Alipewa kiti kizuri kuliko vyote, kinachotazama televisheni. Wajukuu walimpa shikamoo asubuhi na jioni, akaitikia marahaba, wakarudi kwenye simu zao. Hajra, mke wa Badru, alimpikia uji wa ulezi na kumpelekea kitandani. Bi Mwanahalima alipokwenda jikoni kuomba japo akate vitunguu, Hajra alimpokonya kisu kwa upole na kumrudisha sebuleni. Mama mkwe kukata vitunguu, majirani wangesemaje?

"Nilikuwa naogopa atajikata, na nilikuwa naogopa maneno ya watu," anasema Hajra. "Sikujua kwamba namnyima pumzi."

Bi Mwanahalima anasema hana kisasi na mkwe wake, ni mtoto mwema na alimpenda. Lakini anazikumbuka siku zile kwa uchungu.

"Uzee wenyewe hauumi sana. Magoti yanauma, haya, yaume. Kinachouma ni kuulizwa, 'Bibi amekula?' nawe umekaa hapohapo. Wananiulizia kwa mwingine. Nilikuwa nasikia maneno yanapita juu ya kichwa changu. Hapakuwa na mtu wa kunikasirisha. Nikaona basi, hapa nimeshaondoka, uliobaki ni mwili."

Alianza kwa kugawa kanga zake. Moja kwa huyu, moja kwa yule, zile nzuri kwanza. Kisha akamwambia Badru angependa alazwe upande gani wa kaburi la baba yake. Halafu akaacha kula. Hakugoma, alisahau tu. Kijiko kilifika nusu ya njia kikarudi kwenye sahani. Usingizi ukawa mrefu, maneno yakawa machache, na uso ukageukia ukutani.

Badru alimpeleka hospitalini, akapimwa shinikizo la damu, sukari, figo na kila kilichoweza kupimwa. Majibu yalikuja mazuri kuliko ya mwanawe. Daktari akashauri waonane na ofisa ustawi wa jamii, mama wa makamo aitwaye Petronila, ambaye amefanya kazi na wazee kwa muda mrefu mkoani Pwani.

Petronila hakuuliza juu ya dawa. Alikaa na Bi Mwanahalima kwa muda, akatoka nje, akamuuliza Badru swali moja: kabla hajaja kwako, mama alikuwa anagombana na nani?

Badru alidhani hajasikia vizuri.

"Watoto wengi wakiniletea mzazi wa namna hii wananitajia waliyompa," anaeleza Petronila. "Godoro, maziwa, dada wa kazi. Mimi nauliza walichomwondolea. Mtu mzima anaweza kula vizuri na kulala pazuri na bado akaona hana sababu ya kuamka. Anataka mtu anayemhitaji. Na anataka mtu anayemjibu, asiyemwogopa wala kumwonea huruma. Heshima yetu nzuri, lakini tukizidisha tunamweka mzee juu ya kabati, hatumgusi tena."

Badru alirudi nyumbani, akakaa ndani ya gari bila kushuka. Anasema alikuwa na jibu tangu swali lilipoulizwa, na jibu lenyewe lilikuwa ni mtu aliyemfukuza msibani.

Jumamosi iliyofuata akaenda Mlandizi. Alimkuta Laurean amechutama kwenye kibanda chake, anaziba pancha. Akaanza kuomba radhi kwa maneno marefu aliyoyapanga njiani. Mzee hakumwacha amalize. Akamwambia mtani haombwi radhi kwa sababu mtani hakasiriki. Mtani hutozwa faini, na faini yake ni jogoo. Badru akavuka barabara kwenda sokoni kununua jogoo. Laurean akamtazama yule ndege, akamwambia amekonda kama wewe, kalete mwingine. Badru akaenda tena.

Ndipo mzee akanawa mikono, akavaa shati la kanisani, akapanda gari na jogoo wake kwapani.

Yaliyotokea mchana ule Picha ya Ndege yanasimuliwa na Hajra, ambaye kwao ni mbali na Pwani na hakuwa ameona kitu cha namna ile. Mgeni aliingia chumbani kwa mgonjwa bila hodi. Hakuuliza hali. Alikaa kitandani, akaweka mikono kichwani na kuanza kuomboleza kwa sauti iliyowatoa majirani nje. Mwanahalima umekufa. Umekufa na deni langu la nyama. Nani atatulisha wali mbichi? Nani atatuharisha tena? Akafungua kabati, akatoa kanga moja, akajifunga, akamuuliza Hajra urithi unagawiwa saa ngapi.

"Nilitaka kumtoa," anasema Hajra. "Nilidhani anamchuria mama kifo. Badru akanishika mkono."

Kitandani, macho ya Bi Mwanahalima yalifunguka. Yalikaa juu ya yule mzee aliyevaa kanga. Kisha ikasikika sauti kavu, ya mtu ambaye hajaitumia kwa siku nyingi.

"Nani kapika wali mbichi?"

Laurean akajibu kwamba maiti haziulizi maswali, alale. Bi Mwanahalima akajiinua kwa kiwiko. Akarudia swali. Laurean akaanza kutaja harusi moja baada ya nyingine, kwa majina ya mabwana na mabibi harusi, na wali wote ulikuwa mbichi. Bi Mwanahalima akashusha miguu chini. Akasimama, akayumba, akashika ukuta. Akaenda jikoni. Hajra alipotaka kumzuia, mzee akamwekea mkono mbele kama mlango.

Alipika akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, jasho linamtiririka, anatukana. Wali ulikuwa na ukoko mwekundu. Alipakua sahani ya Laurean, akamwekea mbele, na kwa kuwa alitaka kumthibitishia umeiva, akala naye.

Badru anasema alikwenda kusimama nyuma ya nyumba akalia kama mtoto.

Kabla ya mwezi kuisha, Bi Mwanahalima alirudi Mzenga. Nyumba ikaezekwa upya, binti wa ndugu yake akahamia kuishi naye, na masufuria yakatolewa stoo. Badru huja kila baada ya wiki mbili na, kwa amri ya mama yake, hukata vitunguu. Laurean akarudi kuhudhuria kila shughuli na sahani yake. Kwa zaidi ya miaka miwili mambo yakaenda hivyo, mpaka masika ya mwaka huu.

Gari la kwenda Mlandizi limejaa vumbi na watu. Bi Mwanahalima anashuka karibu na soko, kapu mkononi, akipita katikati ya bodaboda ambao wote wanamjua. Mmoja anamwamkia shikamoo na kumuuliza kama leo atashinda. Anaitikia marahaba, na kusema hajui.

Nyumba ya Mzee Laurean iko nyuma ya soko. Kwenye kibanda cha kazi bado zinaning'inia rimu za baiskeli, na hakuna aliyezigusa. Mlangoni anapokelewa na Imakulata, binti wa mzee, aliyeacha biashara yake ya mboga kwa muda ili kumuuguza baba. Ndiye aliyempigia simu Bi Mwanahalima wiki ile ya kwanza, baada ya kuona wageni wanaingia wananong'ona, wanasema pole, wanashika mkono wa mgonjwa kwa ncha za vidole na kuondoka.

"Kila mtu alikuwa anamheshimu," anasema Imakulata. "Nikakumbuka aliyotusimulia baba kuhusu Bibi Mwanahalima alivyougua Kibaha. Nikaogopa."

Leo wapo akina mama wa jumuiya, wanasali rozari chumbani. Bi Mwanahalima anavua ndala, anakaa ukumbini, anasubiri mpaka wamalize. Wanapotoka wanasalimiana kwa kushikana mikono yote miwili. Kisha anaingia.

Mzee Laurean amelala kwa ubavu, uso ukutani. Amekuwa mdogo. Shingo imeingia ndani ya kola ya pajama, na mkono wa kulia umewekwa juu ya mto kama kitu cha mtu mwingine. Bi Mwanahalima anakaa kwenye stuli, anafungua hotipoti, na anaanza.

Anamwambia kuhusu kichwa na nazi na panya. Anamwambia wamempata fundi mpya wa baiskeli Mlandizi, kijana, hodari, na watu wanasema afadhali. Anamwambia Wanyamwezi wote wamemtumia salamu kwamba wanamkana. Anasogeza kijiko. Midomo haifunguki. Anajaribu tena, kwa tusi lingine, kisha kwa kijiko kingine, na ubwabwa unapoa.

Wiki zote zimekuwa hivi. Kuna siku ameondoka hapa akaketi sokoni akishindwa hata kupanda gari. Nauli ya kwenda na kurudi inamlia sehemu kubwa ya anachopata, na Badru ameshamwambia mara kadhaa apunguze safari, walau ziwe mbili kwa mwezi. Alimjibu kwamba Laurean hakuhesabu nauli.

Anaweka kijiko chini. Sauti yake, ambayo tangu asubuhi ilikuwa ya kugomba, inashuka.

"Laurean. Nisikilize basi."

Anamwambia kwamba yeye amepanga kutangulia. Ameshamwomba Mungu hivyo na anaona atakubaliwa, maana yeye ndiye mwenye mgongo mbovu. Na siku hiyo itakapofika anamtaka makaburini Mzenga mapema, kabla ya jeneza kufika, afanye ile kazi ambayo mtani pekee ndiye anayeweza kuifanya: ashuke ndani ya kaburi, alale chali, afumbe macho, na agome kutoka mpaka wafiwa wamlipe. Ni jambo ambalo Laurean amelifanya kwenye mazishi mengi ya Wazaramo, na kila mara watu waliokuwa wakilia walijikuta wakichangisha huku wanacheka, na maiti akashushwa kwa moyo mwepesi.

"Sasa mimi nani atanilalia kaburini?" anauliza. "Vijana hawa wanaogopa kuchafua suruali. Nitashushwa kimyakimya, kama mtu aliyekuja duniani hana mtani. Ndivyo unavyotaka unifanyie?"

Nje mtu anapiga honi, muuza samaki anapita akitangaza. Bi Mwanahalima ameinamisha kichwa, na machozi yanamdondokea kwenye kanga bila kuyafuta.

Ndipo shuka linasogea. Mkono wa kushoto wa Mzee Laurean unatoka polepole, unanyanyuka kidogo juu ya kitanda. Kidole gumba kinasugua kidole cha shahada. Kinaacha. Kinasugua tena.

Imakulata, aliyesimama mlangoni na kikombe, anakimbilia kuuliza kama baba anataka maji.

"Hataki maji," anasema Bi Mwanahalima. Ameinuka kwenye stuli bila kujua. "Anauliza malipo."

Anajifunika uso kwa kanga, na kwa muda mabega yake yanatikisika, na hakuna chumbani humo anayeweza kusema kama analia au anacheka. Kisha anajipangusa, anaketi, anakohoa, na anakuwa mkali. Anasema atamwachia kuku. Vidole vinaendelea kusuguana. Anasema kuku wawili, na hao ni wengi kwa mtu wa kulala tu. Vidole haviachi. Anamwita mnyonyaji, anauita ukoo wake wote wanyonyaji, tangu yule babu aliyepotea. Kichwa cha mzee kinageuka juu ya mto, kwa shida, kutoka ukutani mpaka macho yake yanamfikia.

"Mbuzi," anasema Bi Mwanahalima. "Sina zaidi ya hapo."

Mkono unashuka, unatulia juu ya shuka. Anapomsogezea kijiko, Mzee Laurean anafungua mdomo. Anakula kijiko kimoja, nusu yake inamwagikia kidevuni, na anafungua mdomo tena.

Mchana, Bi Mwanahalima anapotoka, Imakulata anamsindikiza mpaka barabarani akiwa amemshika mkono. Anamwambia kama amedhamiria kweli, jirani yao ana beberu mkubwa, amenona, na anaweza kumuuzia hata leo. Bi Mwanahalima anatikisa kichwa. Anataka awekewe mwanambuzi kutoka mnada ujao, jike, na Badru atamjengea banda nyuma ya jiko Mzenga.

"Nataka mdogo kabisa," anasema, akipanda gari. "Anayenyonya bado. Achukue muda kukua."